Ubatizo na Ndugu Mwenye Ulemavu: Ni Nani Anayezuia?

Somo la wiki. Maandiko: Matendo 8:26–39, Marko 2:1–12, 1 Wakorintho 12:12–26



Somo hili nilipaswa kulifundisha Jumapili mbili zilizopita nikaliahirisha, kwa sababu lina mambo yangu ndani yake ambayo si mazuri. Pasta wetu ameniambia niliandike kama lilivyo. Kwa hiyo kabla hatujafungua Biblia, wacha niungame kwanza.

Mnakumbuka darasa la ubatizo la mwaka jana, lile lililoishia na ubatizo wa Pasaka. Mimi ndiye niliyeliandaa. Wengi wenu mnajua nilisomea biashara chuo kikuu kabla ya kuitwa katika huduma, na ile elimu haijanitoka. Niliona darasa letu halina mpango. Nikatengeneza fomu ya kujiandikisha, rejista ya mahudhurio, masomo sita kwa wiki sita, na mwishoni maswali kumi. Anayepata sita kwenda juu anabatizwa, anayepata chini ya hapo anarudia. Wazee walinipongeza, na kusema kweli hata mimi nilijipongeza.

Katika darasa hilo alikuwamo kijana wa miaka kama 23. Jina lake siliandiki hapa. Mama yake ameniruhusu kusimulia habari lakini si kulitaja jina. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Mkono wake wa kulia umekunjika, anatembea kwa kuegemea fimbo au bega la mtu, na maneno yanamtoka kwa shida mpaka asiyemzoea haambulii kitu. Tena kuelewa kwake si kama kwetu. Ukimwuliza ubatizo ni nini, anacheka na kuelekeza ziwani. Lakini hakukosa darasa hata moja. Rejista yangu mwenyewe inaonyesha sita kwa sita, na kuna waimbaji wa kwaya ambao hawakufikisha hapo.

Siku ya maswali nilimwita mwisho. Nikamwuliza la kwanza, la pili, la tatu, kisha nikafunga daftari. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na beseni lake la omena. Nikamwambia, "Mama, huyu tumwombee kwanza. Bwana amguse, apone, aweze kukiri kwa kinywa chake. Halafu tutambatiza."

Yule mama hakubishana nami. Aliniuliza tu kwa Kijaluo, polepole, "Pasta, na asipopona?"

Sikuwa na jibu. Nikasema tutaomba.

Tulibatiza Jumamosi asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza. Pasaka huja karibu na mwezi mpevu, na mwezi ukiwaka hivyo wavuvi wa omena hawatoki usiku, kwa hiyo ufuo ulijaa. Watu kumi na wanne waliingia majini. Kijana wetu na mama yake walikaa kando, kwenye ubavu wa mashua iliyopinduliwa. Kila mmoja alipoinuliwa kutoka majini, yule kijana alipiga makofi kwa namna yake, ule mkono mzima ukipiga paja. Alifanya hivyo mara kumi na nne, wala hakumruka hata mmoja. Nilipokuwa napita na taulo, pasta aliniuliza, "Na huyu, mbona hajaingia?"

Nikajibu, "Hakufaulu."

Akanitazama. "Hakufaulu nini?"

Wapendwa, swali hilo lilinifuata nyumbani, na ndilo lililonirudisha kwenye Matendo 8.

Tukihubiri habari ya Filipo na yule mtu wa Kushi, tunapenda sana cheo chake. Alikuwa mwenye hazina wa malkia Kandake, ana gari, ana kitabu chake mwenyewe. Mimi kama mtu wa biashara nilimpenda kwa hilo. Lakini kuna neno tunalipita haraka, labda kwa aibu: alikuwa towashi. Towashi ni mwanamume aliyeharibiwa sehemu za uzazi, mara nyingi akiwa bado mtoto, ili atumike ikulu bila wasiwasi. Sasa soma Kumbukumbu la Torati 23:1. Mtu wa namna hiyo hakuruhusiwa kuingia katika mkutano wa Bwana. Amesafiri safari ndefu namna ile kwenda Yerusalemu kuabudu, na sheria iko mlangoni inamsubiri, kwa sababu ya mwili wake, kwa sababu ya jambo ambalo hakujifanyia.

Filipo anamkuta njiani akirudi, anasoma Isaya 53. Kama angeendelea kukunjua kitabu kile kidogo tu, sura tatu mbele angefika Isaya 56:3–5, mahali ambapo Bwana anawataja matowashi wenyewe na kuwaahidi nafasi ndani ya nyumba yake na jina linalozidi hata kuwa na watoto.

Kisha wanafika penye maji. Angalia anachouliza. Haulizi kama amefuzu, wala haulizi darasa litaanza lini. Anataka kujua ni kitu gani kinamzuia asibatizwe. Huulizi hivyo kama hujawahi kufungiwa mlango. Ni swali la mtu aliyezoea kuzuiwa, ambaye anataka kujua mapema safari hii itakuwa sababu gani.

Filipo alikuwa na sababu tayari. Angeweza kumsomea ile Kumbukumbu 23. Badala yake akashuka naye majini.

Kitenzi hicho cha kuzuia, katika Kigiriki, ni kile kile anachotumia Bwana Yesu katika Marko 10:14, wanafunzi walipowafukuza watoto. Ni kile kile anachotumia Petro katika Matendo 10:47 nyumbani kwa Kornelio, akiuliza ni nani awezaye kuwanyima maji watu wa mataifa. Na kitabu chote cha Matendo kinafungwa, sura ya 28 mstari wa 31, kwa neno la mzizi huo huo: Paulo anahubiri bila kizuizi. Luka hakuliweka neno hilo mwishoni kwa bahati mbaya. Kila mahali katika habari hizi kuna mtu aliyesimama mlangoni, na Roho anamwambia apishe. Nilipoona hivyo nilijua niliyekuwa mlangoni ni nani. Nilikuwa na fomu mkononi.

Mzee mmoja wa kanisa, ninayemheshimu sana, aliniambia, "Pasta, lakini mstari wa 37 si unasema Filipo alimwuliza kama anaamini?" Ni swali zuri. Katika Biblia nyingi mstari huo umewekwa kwenye mabano au chini ya ukurasa, kwa sababu nakala za kale zaidi hazina. Lakini tuuchukue jinsi ulivyo. Kinachoulizwa pale ni moyo. Na moyo una njia nyingi za kujibu. Zakaria alipofungwa kinywa, watu walimwuliza kwa ishara naye akajibu kwa kuandika kwenye kibao (Luka 1:62–64). Hakuna aliyesema jina la Yohana halihesabiki kwa kuwa halikutamkwa na baba. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 120, imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Kama Bunge linaweza kupokea maneno ya mikono, kanisa lishindwe?

Tena tuulizane kwa upole: ni nani kati yetu aliyeelewa ubatizo siku alipobatizwa? Mimi nilibatizwa nikiwa kidato cha pili, na nilichowaza zaidi ni kwamba maji ni baridi. Wale elfu tatu wa Matendo 2:41 walibatizwa siku ile ile. Mlinzi wa gereza kule Filipi alibatizwa usiku ule ule na jamaa yake (Matendo 16:33). Sisemi darasa ni baya, na tutaendelea nalo. Lakini darasa ni la kutusaidia kumjua tunayemwendea. Mimi nililigeuza kuwa lango la kulipia.

Najua wengine mtaniuliza, "Basi tuanze kubatiza watoto wachanga?" La. Msimamo wa kanisa letu haujabadilika. Tunabatiza anayemjia Yesu mwenyewe. Lakini kijana huyu amekuwa akija kwa miaka. Jumapili asipopata bega la kuegemea analia, mama yake atawaambia. Tulimtaka ajibu maswali kumi, naye alikuwa ameshajibu kwa miguu ile ile inayomsumbua. Yule ambaye hawezi kuonyesha lolote kabisa, anayelazwa na kulishwa, pasta na mimi bado tunaomba juu ya hilo. Sitajifanya nimelimaliza.

Sasa nije kwa lile neno langu la "apone kwanza," maana hapo ndipo sisi Wapentekoste tunapojikwaa zaidi.

Mimi naamini uponyaji. Tutaendelea kuwekea wagonjwa mikono. Lakini tazama Marko 2 kwa makini. Watu wanne wanamshusha mwenzao kwa dari. Yesu anaiona imani yao, ya wale wanne pamoja naye, kisha anamwita mwanangu na kumsamehe dhambi. Wakati huo yule mtu bado amelala kwenye godoro, miguu haifanyi kazi. Tayari ni mwana, tayari amesamehewa, na bado hatembei. Kutembea kulikuja baadaye, na kulikuja kwa sababu waandishi walikuwa wananung'unika mioyoni. Kama wasingenung'unika, sijui. Ninachojua ni kwamba mimi niliupindua mpangilio wa Yesu. Yeye alimpokea kwanza. Mimi nilitaka apone, halafu nimpokee.

Na mpangilio huo uliopinduliwa unaumiza watu. Mama yule ameshampeleka mwanawe kwenye mikutano ya injili mingi, kwa nauli ya Homa Bay, ya Migori, mpaka Kisumu. Anauza omena kwa debe. Hesabu mwenyewe ni madebe mangapi hayo. Kila aliporudi na mtoto yule yule, alipata mtu wa kumwambia imani yake ni ndogo. Wengine walimwuliza amekosea nini, au ukoo umekosea nini. Swali hilo wanafunzi walimwuliza Yesu katika Yohana 9, naye akalikataa hapo hapo. Sisi tumeliokota tena.

Kuna jambo jingine ambalo sikuwahi kulihubiri. Bwana alipofufuka, mwili wake wa utukufu ulikuwa bado na makovu. Tomaso aliyaona (Yohana 20:27). Mungu aliyeweza kuliviringisha jiwe angeweza kuyafuta, na hakuyafuta. Mwanatheolojia wa Marekani, Nancy Eiesland, aliyekuwa mwenyewe mlemavu tangu kuzaliwa, aliandika kitabu juu ya jambo hili mwaka 1994. Si yote aliyoyasema nitakayoyapokea, lakini hapa alituonyesha kitu kilichokuwa mbele ya macho yetu. Warumi 6 inatuambia kwamba majini tunaunganishwa na Kristo katika kufa na kufufuka kwake. Basi tunaunganishwa na huyo mwenye makovu. Mtu akiingia ziwani akichechemea na kutoka akichechemea, ubatizo wake haujashindwa.

Wala tusidhani hili ni la watu wa mbali. Samuel Kabue, Mkenya mwenzetu asiyeona, aliongoza kwa miaka mingi mtandao wa Wakristo wa kutetea watu wenye ulemavu, uitwao EDAN, ulioanzishwa mwaka 1998 katika mkutano wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni uliofanyika Harare, na ofisi yake ikawa Nairobi. Mwaka 2003 baraza hilo likapokea tamko lililoandaliwa na mtandao huo, lenye kusema kwamba kanisa ni la wote na kwa ajili ya wote. Makanisa mengi ya Kipentekoste si wanachama wa baraza hilo, na labda ndiyo maana hatukusikia. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu asilimia 2.2 ya Wakenya kuwa na ulemavu, na hapa Homa Bay kiwango kilipita asilimia 4, miongoni mwa vya juu kabisa nchini. Jumapili tukiwa watu mia mbili, wanane hivi wangekuwa wao. Nimewahesabu. Wako watatu. Wengine wako nyumbani, nyuma ya pazia, na sisi tunaijua milango hiyo.

Hata lugha yetu inatusaliti kidogo. Mtu ni m-, watu ni wa-. Lakini tumesema kiwete, kipofu, kiziwi, kama kiti na kikombe. (Viziwi wengi wenyewe hulikubali neno lao, wenzao wa Tanzania hata chama chao kinaitwa CHAVITA, Chama cha Viziwi. Kwa hiyo muulize mtu anavyotaka kuitwa, usimchagulie.)

Sasa 1 Wakorintho 12. Ufuoni huwa tunasoma mstari wa 13, kwamba kwa Roho mmoja tulibatizwa kuwa mwili mmoja. Tunapiga vigelegele, tunafunga Biblia, tunaenda kula. Hatufiki mstari wa 22, ambapo Paulo anasema vile viungo tunavyoviona dhaifu ndivyo ambavyo mwili hauwezi kuvikosa. Ni sura moja, ni pumzi moja.

Katika biashara tunaandika mali upande mmoja na madeni upande mwingine. Mimi, bila kusema, nilikuwa nimemwandika yule kijana upande wa madeni: atahitaji kubebwa, atapiga kelele wakati wa mahubiri, hataleta zaka. Na nilipoanza kutubu nikafanya kosa la pili, nikaanza kutafuta faida yake. Labda atatutia moyo, labda atavuta wageni. Paulo hafanyi hesabu hiyo. Kiungo cha mwili hakiajiriwi, na hakifukuzwi mauzo yakishuka. Ubatizo haukumfanya yeye awe na deni kwetu. Ulitufanya sisi tuwe na deni kwake.

Nilienda nyumbani kwao mwezi wa Mei, mimi na pasta. Nilimwomba mama msamaha, kisha nikamwomba kijana mwenyewe, maana nilikuwa karibu kuondoka bila kumwambia yeye. Mama alinyamaza kidogo akasema, "Sawa, Pasta. Lakini anaogopa maji yakifika usoni."

Miaka yote nimebatiza, sikuwahi kufikiri hilo. Ilitubidi tujifunze. Juma tatu, jioni, wavuvi wawili wa ushirika wetu walishuka naye ziwani, kwanza mpaka magoti, halafu kiuno, wakimwagia maji kichwani kwa kikombe huku wanacheka pamoja. Mwezi wa Agosti tukatia kiti cha plastiki majini, wawili wakakishika, wawili wakamshika yeye. Pasta akanipa mimi nimbatize. Swali nilimwuliza moja tu, kama anamtaka Yesu. Akapiga paja. Tulimlaza nyuma pamoja na kiti chake, akazama, akatoka akikohoa na kunishika shati kwa nguvu mpaka kifungo kikakatika. Ufuoni mama yake hakupiga vigelegele. Alikaa chini kwenye mchanga.

Hiyo ilikuwa Agosti. Jumapili iliyofuata alikuja na bega la mama yake kama kawaida, akafika kwenye ngazi za kanisa, tatu, za juu, na sisi tuliobatizwa naye kuwa mwili mmoja tulikuwa ndani tunasifu. Mwaka huo huo tulikuwa tumenunua spika mpya. Bajeti niliiandika mimi. Njia ya mteremko pale mlangoni inahitaji mifuko michache ya saruji, mchanga wa hapa hapa, na fundi wa siku mbili. Haikuwamo kwenye bajeti kwa sababu hakuna aliyeikumbuka, na aliyeihitaji hatukuwa tumemwuliza.

Kazi hiyo inaanza Jumatano hii saa mbili asubuhi. Njooni na sepetu na ndoo. Vijana wa boda boda wamekubali kupeana zamu ya kumleta kila Jumapili na kumrudisha; bado tunahitaji wawili wa Jumapili ya tatu na ya nne.

Darasa jipya la ubatizo linaanza mwezi ujao. Yale maswali kumi yapo, tutayajadili pamoja, lakini alama hazipo. Kama nyumbani kwenu kuna mtu ambaye mmeona haya kumleta, au mmechoka kumleta, au mlimleta na mkarudishwa na mimi, niambieni tu kijiji. Nitakuja mimi.

Katika ushirika wa nyumbani wiki hii, someni Matendo 8 mpaka mstari wa 39. Kisha kila mmoja amtaje mtu mmoja kijijini mwake ambaye hajamwona kanisani, na aseme wazi ni nini kinachomzuia: ni miguu yake, au ni ngazi zetu.